Nondo Iliyobeba Ng'ombe

Mpaka leo harufu ya mafuta ya ng'ombe yaliyochacha inanitia kichefuchefu, na wa kulaumiwa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye ndiye anayesimamisha pembea ya chuma kila Idi pale kwetu Vitongoji, ile yenye sanduku refu la mabati ambamo watoto hujazana mpaka hawana pa kuweka miguu.

Mkesha wa sikukuu moja alimning'iniza ng'ombe aliyechinjwa kwenye nondo iliyoshuka wima kutoka juu ili amchune. Asubuhi akaikata nondo ile ile, akaitia kwenye matundu ya pembea iwe pini ya kulishikilia sanduku. Hata kuipangusa hakuipangusa. Mafuta yameganda, manyoya yamenasa, nzi wanatambaa. Na binti yangu alikuwa mbele kabisa ya foleni na gauni lake jipya.

"Chuma hichi umekipima?" nikamuuliza.

"Yakhe, kimebeba ng'ombe mzima! Hawa watoto wana uzito gani?"

Mimi nafundisha ufundi wa vyuma, na kosa hili limenichosha. Ng'ombe aliivuta nondo kwa urefu wake. Pini ya pembea haivutwi, inakatwa: chuma cha juu kinaishikilia, cha chini kinaiburura, kama mkasi. Na chuma cha kawaida kikikatwa hivyo hustahimili kama sehemu sita tu kati ya kumi za uzito ambao kingeubeba kwa kuvutwa. Ni makadirio, lakini ndipo tunapoanzia. Kwa hiyo ng'ombe wake mzima alithibitisha nusu ng'ombe na kidogo, basi. Sanduku lililojaa watoto linazidi hapo hata likiwa limetulia, sembuse likirushwa.

Nikamweleza. Akacheka, akasema Mungu ndiye mlinzi. Hilo lilinichukiza kuliko nzi. Mtu anaufunika uvivu wake kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha anakutazama kana kwamba wewe ndiye huna imani!

Niliwaondoa watoto, akina mama wakanizomea kwamba nawaharibia sikukuu. Nikajaza sanduku viroba vya mchanga kwa kukisia uzito wa watoto, nikalisukuma. Likaenda, likarudi, likapanda juu zaidi. Kisha pini ikakatika, sanduku likajibwaga ubavu na viroba vikapasuka. Nikamshika binti yangu mkono.

Shemeji akaokota vipande viwili vya nondo. Nilidhani ataomba radhi, japo kwa akina mama. Akachagua kile kirefu, akakipangusa kwa kanzu yake ya Idi, akakirudisha tunduni kuona kama kitafika.

"Hichi chatosha," akasema. "Tutapakia wale wadogo."