Mkate wa Bibi Aniela

Tunu binti Shomari wa Keko alikuwa mjane aliyewalisha wanawe watatu kwa kufua nguo. Mwaka 1942 akapata kazi kambini, upande wa Temeke, walikowekwa Wapolandi, wakimbizi wa vita na njaa, walioshushwa melini kungoja treni ya bara. Walikuwa wanawake, vikongwe na watoto, wamekonda hadi viatu vinawavuka.

Sifa zao ziliwatangulia. Msimamizi Mwingereza alisema ni wezi tangu kwao, Gregori mpishi akayatia chumvi, na Keko nzima ikayameza, ingawa hakuna aliyewahi kumwona Mpolandi hata mmoja. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Tunu naye aliamini, tusimpake mafuta.

Wiki ya pili, mkate unaobaki mezani ukaanza kupotea. Masalia yalitakiwa kurudi jikoni. Sasa hayakurudi hata makombo. Msimamizi akatoa neno: mwizi asipojulikana kufika adhuhuri, dobi wote wanaoingia mabwenini watafukuzwa, na majina yao yatapelekwa polisi. Keko, jina la mwizi halifuliki likatakata.

Asubuhi hiyo hiyo, akiuvua foronya mto wa kulalia wa Bibi Aniela, kikongwe asiyejua neno la Kiswahili ila "ahsante", vidole vyake vikagusa kitu kigumu. Akachungulia penye mshono: vilikuwa vipande vya mkate uliokauka, vimepangwa na kushonewa ndani kwa uzi. Hakuna hata kimoja kilichong'atwa.

Kumbe ni kweli, akawaza, na hasira zikampanda. Akatoka mbio aende kusema. Mlangoni akasimama, akikumbuka. Marehemu mama yake, tangu njaa ya vita vile vya Mjerumani, alilala na mhogo mkavu kwenye pindo la kanga mpaka siku aliyokufa, na mchele umo ndani tele. Tunu akarudi, akauvisha mto foronya yake.

Adhuhuri dobi wakapangwa uani, Wapolandi wakitazama.

"Dada Tunu, bweni lile unalihudumia wewe," Gregori alisema. "Sema, tujue ni Wapolandi au ni nyie."

Tunu hakumtaja mtu. Msimamizi akamwonyesha lango.

Bibi Aniela hakuelewa maneno, ila lango alilielewa. Akaingia bwenini, akatoka na mto, akauchana mbele ya wote. Vipande vikamwagika mchangani. Akaviokota kimoja kimoja, akikibusu kila kimoja, kama tufanyavyo sisi mkate ukidondoka, kisha akamtilia Tunu mikononi. Akiba yake yote ilikuwa hiyo.

Gregori akacheka. "Si niliwaambia? Wezi."

"Mwizi huiba akala, kaka Gregori. Huyu kaulalia tu. Mama yangu mie, tangu njaa ile, alikuwaga hivyo hivyo, na hakuwa mwizi."

Msimamizi akauliza mwanamke anasema nini. Gregori akamfasiria yote, hata la mama. Mwingereza akasema wote warudi kazini, na mkate aachiwe bibi.

Tunu akaketi pale pale, akatoa sindano, akaurudisha mkate ndani na kuushona mto. Gregori akaja na kipande kilichosahaulika. Alikuwa amekipangusa mchanga.