Moyo Haujazwi Upepo

Katika Nakuru yote ya mwaka wa hamsini na tano hapakuwa na mtu aliyejua vali za tairi kumshinda Masinde. Alikuwa fundi baiskeli kando ya lango la stesheni, na siku nzima aliwatukana watu wa reli waliopakia magunia mawili kisha wakamuuliza kwa nini tairi limepasuka. Kwa hiyo karani wa hospitali alipomwambia kwamba vali ya moyo wa binti yake inavuja, Masinde hakuuliza kitu. Kosa hilo hakujisamehe mpaka uzeeni.

Rahab alikuwa na miaka tisa. Kwanza koo lilimuuma, likapona. Kisha magoti yakavimba, maumivu yakahamia viwiko, na sasa hata ndoo nusu ya maji ilimfanya atwete. Daktari Mzungu alimsikiliza kifua, akazungumza Kiingereza kirefu, mikono ikimsaidia, akaandika cheti. Karani, kijana aliyepiga pasi suruali na kuisahau akili, akafasiri yote hayo hivi: "Vali ya moyo inavuja. Rudi naye mwezi ujao. Mwingine!"

Vali ikivuja, tairi hupungua upepo. Likipungua upepo, unapiga pampu. Masinde alilijua hilo kabla hajaota ndevu! Akamweleza mkewe, Eucabeth, kwamba moyo wa mtoto umelegea, nao utajazwa kwa pumzi, na pumzi huletwa na mbio. Eucabeth akasema mtoto huyu anataka kulala tu.

"Wewe umeziba pancha ngapi?" Masinde akamuuliza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kila asubuhi alimkimbiza Rahab kutoka mtaa wa Bondeni kupanda upande wa mlima Menengai, yeye nyuma akisukuma baiskeli katika vumbi. "Vuta pumzi! Jaza!" Mtoto alikimbia midomo ikimgeuka rangi, akasimama kushika mbavu, akauliza, "Baba, moyo umejaa?"

"Bado kidogo."

Juma la tatu miguu ilimvimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Kulala chali hakuweza tena. Hawakungoja mwezi uishe. Masinde alimketisha kwenye keria ya baiskeli, Eucabeth akamshikilia kwa pembeni, wakamsukuma hivyo hadi hospitali na kumkalisha kwenye benchi la barazani.

Nesi Jeruto aliitazama ile miguu, akasoma cheti. "Mtoto amekuwa akipumzika?"

"Kupumzika? Nimemkimbiza kila siku ajaze moyo!"

Jeruto hakucheka. Alichomoa pampu kwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani. "Baba Rahab, moyo si tairi. Moyo ndiyo hii pampu. Ngozi ya ndani inayoziba upepo ikichakaa, ukisukuma inakuwa namna gani?"

"Upepo nusu unarudi nyuma."

"Na mkono?"

"Mkono unachoka. Inabidi usukume mara mbili ili..." Masinde akaitazama miguu ya Rahab.

"Damu yake inarudi nyuma hivyo hivyo. Ukimkimbiza, unaongezea pampu mbovu kazi. Hapa daktari ameandika apumzike, asikimbie kabisa, na kila mwezi apate sindano, ule ugonjwa wa koo usirudi kuharibu zaidi. Hamkuambiwa?"

 Masinde alimpokonya pampu, akaingia ofisini, akamvuta karani kwa kola mpaka barazani, karatasi zikitawanyika.

"Siku ile daktari alisema maneno mangapi? Sema! Mengine ulikula?"

"Mzee, watu walikuwa wengi..."

"Nimemkimbiza! Mimi, kwa mkono wangu, nimemkimbiza mtoto mgonjwa mlimani!" Pampu ikapanda juu. Eucabeth akapiga ukelele. Hasira kwa karani ilikuwa nusu tu. Ile nusu nyingine ilimhusu mtu asiyekuwa na kola ya kukamatwa, fundi mjuaji aliyeona aibu kuuliza swali moja. 

Kwenye benchi Rahab alijikaza akainuka, akaushika mkia wa koti la baba yake. Hakuwa ameelewa mambo ya pampu wala ya cheti. Alichojua ni kwamba baba amekasirika sana, na kwamba leo asubuhi hawakwenda mlimani.

"Baba, wacha," akasema, akitafuta pumzi kila baada ya neno. "Ni miguu tu imekataa leo. Kesho nitakimbia mpaka moyo ujae."