Baba Alipopunguzwa

Juzi kwenye televisheni niliona watu wa mji mmoja wa Ufaransa wamejilaza kando ya mto, wakifurahia kiangazi. Nikakumbuka alasiri ambayo baba, karani wa kiwanda cha chai, alinipeleka kuoga mto Kiwira siku ya kazi. Maji yalivuma, mawe yalikuwa na joto, na shati lake lilinuka majani ya chai.

“Leo huendi kazini?” nilimuuliza.

“Wamenipunguza, mwanangu.”

Nilimkagua mabega, kisha tumbo. “Mbona uko vilevile, baba?”

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. “Basi kamwambie mama yako hivyohivyo. Mimi nimeshindwa tangu Jumatatu.”

Nilipanda kilima mbio, nikiamini nimebeba habari njema.