Tepu ya Mwashi

Mwashi huyu hajui kukaa kitako. Nyumba yake imekwisha mara nne, na kila ikiisha anaona kasoro: mara dirisha dogo, mara ukuta umeinama. Saruji haimtoki kuchani hata siku ya mapumziko, na chai huinywa wima, tepu ya kupimia mkononi.

"Nikimaliza hiki kibaraza, mama watoto, tutastarehe."

Juzi kibaraza kikaisha. Alipoketi tu, macho yakapanda kwenye paa, mkono ukazama mfukoni kutafuta tepu. Mfuko mtupu.

"Nimeificha," mkewe akasema. "Kunywa chai."

Akanywa huku mguu ukimcheza, kiganja kikipima meza kwa shubiri. Ghafla kiganja kikatulia. Akakitazama kikombe.

"Umebadilisha majani?"

"Majani ni yaleyale, tangu unioe."