Shanga Saba za Bibi Nyemo

Loisi alikuwa mtu wa kutii. Ukimwambia panga mstari, atapanga. Ukimwambia fumua urudie, atafumua bila kununa. Kiwandani alikofanya kazi miaka kumi na mmoja walimpenda kwa tabia hiyo, na kwa tabia hiyohiyo hawakuona taabu kumkabidhi barua ya kupunguzwa kazi mwaka tisini na tatu, mashirika ya umma yalipokuwa yakinadiwa kama mbuzi wa mnadani. Aliipokea kwa mikono miwili akasema ahsante. Nayasema haya mapema ili msimlaumu kupita kiasi, ingawa mimi mwenyewe namlaumu.

Alikaa mwaka mzima katika chumba chake cha kupanga mjini, Area D, akiuza maandazi yasiyonunuliwa, maana kila mlango ulikuwa na muuza maandazi wake. Ndipo akasikia kuna kituo cha akina mama ng'ambo ya reli, kinafundisha ufundi wa shanga na mapambo kwa miezi sita, darasa kamili lenye ubao, ratiba na mtihani. Nani alijua kwamba shanga husomewa? Huko kwao Zanka, njia ya Kondoa, wasichana walijifunza kwa kutazama vidole vya bibi zao. Lakini nyakati zilikuwa zimegeuka. Maduka ya watalii Arusha yalitaka bangili mia zinazofanana, na anayejua kutengeneza mia zinazofanana ndiye aliyekula.

Mwalimu aliitwa Aneth. Alikuwa mwembamba, mkali, msafi kuliko sindano, na hakuna aliyewahi kumwona amekosea hesabu. Juma la kwanza aliwafundisha kuchambua shanga kwa chekecheke la waya. Zinazopita ni za kazi. Zinazobaki juu, kubwa mno au zenye kilema, zilitupwa ndani ya kopo la rangi lililoandikwa MAKAPI. Juma la pili aliwafundisha kuchora sampuli kwenye daftari la hesabu, mraba mmoja ushanga mmoja. Kila alipoona kosa alilizungushia wino mwekundu.

"Mteja hanunui kosa," alisema. "Mkono ukiteleza, fumua. Usione huruma."

Loisi alishika haraka. Ilipofika mwezi wa tano alikuwa wa kwanza darasani, na Mwalimu Aneth akamwambia waziwazi kwamba kituo kinatafuta mwalimu msaidizi wa darasa lijalo, na kwamba akifanya vizuri kwenye kazi ya mwisho nafasi ni yake. Kwa mara ya kwanza tangu ile barua Loisi alilala usingizi wa kushiba.

Kazi ya mwisho iliitwa kazi ya urithi. Kila mwanafunzi alete pambo la kale kutoka kwao, alifumue, achore sampuli yake, kisha alitunge upya kwa uzi mpya. Loisi hakuhitaji kuumiza kichwa. Alipanda basi kwenda kwa bibi yake.

Bibi Nyemo, mama wa baba yake, ndiye aliyemlea. Macho yake yalikuwa yamezima tangu miaka mingi. Kiunoni, juu ya kaniki, alivaa mkanda wa shanga nyekundu na nyeupe uliotungwa kwa kano za ng'ombe, na kila jioni aliuvua, akauweka mapajani na kuupitisha vidoleni taratibu, akinong'ona. Loisi alikulia ndani ya mnong'ono huo. Akiwa mtoto alidhani bibi anasali, na alipokuwa mtu mzima hakuona sababu ya kuuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini wanaosema hivyo ni wale waliokwisha uliza.

"Mbukwenyi," Loisi alimsalimu kwa kilugha chao. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja wakati mzuri. Kano zimeoza, panya nao wamekula. Na mimi siku zangu zimekwisha."

"Usiseme hivyo, Bibi."

"Nasema. Homa hii si ya kurudi nyuma." Alivua mkanda akauweka mikononi mwa Loisi, lakini hakuuachia upesi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na safari hii aliyachagua maneno moja moja. "Uutunge kwa uzi mgumu. Lakini uwe vilevile. Usiongeze, usipunguze. Nitazikwa nao. Bila huu sitakwenda, nitakaa mlangoni tu. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi. Vilevile."

Baba yake, Nikodemo, alikuwa amesimama kando ya ukuta wa tembe. Alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, kisha akaufunga, akaenda kuwafungulia ng'ombe. Loisi alimwona. Alikumbuka baadaye kwamba alimwona.

Kituoni, siku ya kufumua, kano ya kwanza ilikatika kabla hajaigusa vizuri, na shanga zikamwagika sakafuni kwa mlio uliowafanya wanawake wote wainue vichwa. Mishi, jirani yake wa benchi, mama wa Kirangi kutoka Kondoa, alipiga magoti kumsaidia kuokota.

"Bismillahi," alisema Mishi. "Kitu hiki kina mwenyewe."

Sampuli ilikuwa nzuri na rahisi, meno mekundu juu ya weupe. Lakini mahali saba, bila mpango wowote, meno yale yalikatizwa na ushanga wa buluu, mkubwa kuliko wenzake, ulioinuka kama kinundu. Mbili zilikaa karibu karibu, halafu nafasi ndefu, halafu moja, kisha tatu zimefuatana, na ya mwisho peke yake. Loisi alizichora zote kama zilivyokuwa. Mwalimu Aneth alipopita alizungushia wino mwekundu mara saba.

"Hizi zimefanya nini hapa?"

"Ndivyo ulivyo, Mwalimu. Bibi ameniambia uwe vilevile."

"Bibi yako hakuwa na chekecheke. Aliishiwa shanga ndogo, akajazia alizopata. Wewe unalo. Ijumaa wageni wa wafadhili wanakuja kutazama, na kazi yako nataka iwe mbele. Kazi ya vinundu siwezi kuiweka mbele." Kisha akalainisha sauti, na hapo ndipo ubaya ulipoingia, maana mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. "Mrekebishie, Loisi. Utakuwa umempa zawadi."

Mishi alingoja mwalimu apite. "Shoga, cha mkubwa hakiguswi bila ruhusa. Panda basi ukamwulize."

"Leo Jumatatu. Nikienda na kurudi nitaimaliza lini?"

"Basi viache vinundu vyake palepale, ushike nafasi ya pili."

Nafasi ya pili ilikuwa maandazi. Loisi aliutazama mraba wa kwanza uliozungushiwa wino, akautazama wa saba, akasikia moyo ukimwambia acha. Alisikia vizuri kabisa. Kisha akafanya kama alivyofundishwa: akapitisha shanga kwenye chekecheke, saba za buluu zikabaki juu, na akazimimina ndani ya kopo la makapi. Zililia chini ya kopo, kisha zikanyamaza.

Jumatano fundi alimwaga saruji mpya kwenye kizingiti cha ukumbi kwa ajili ya wageni. Mwalimu Aneth alileta kopo la makapi, na wanafunzi wote wakainama kuzipachika shanga kwenye saruji mbichi hadi zikasomeka KARIBU. Walicheka sana siku ile. Shanga kubwa za buluu zilikuwa tisa tu, saba za Loisi na mbili za mtu mwingine asiyejulikana, nazo zote zilitosha kwenye herufi A. Loisi mwenyewe alizikandamiza kwa kidole gumba mpaka zikalingana na saruji, mguu usije ukajikwaa.

Alhamisi jioni kondakta wa basi la Kondoa alimletea kikaratasi cha baba yake. Nikodemo hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliandika: "Bibi amezidiwa. Tangu jana halali. Anasema watoto wanalia kwamba wanakanyagwa. Njoo na mkanda." Loisi alisoma mara mbili. Alidhani ni watoto wa majirani wanaompigia bibi kelele. Hata hivyo alijifunga khanga ya pili ilhali joto lilikuwa la kuchemsha maji.

Ijumaa wageni walikuja, wakapita juu ya KARIBU kwa viatu vyao vizito, wakaushika mkanda wa Loisi, wakausifu kwa ulaini wake. Alipewa cheti na nafasi yake siku hiyohiyo. Jumamosi alikuwa kwenye basi la kwanza.

Bibi Nyemo alikuwa amekonda mpaka ngozi ya mkono ilifuata mifupa. Alipousikia mkanda ukilia karibu yake alitabasamu, akaupokea, akauweka kifuani, na vidole vikaanza safari yake ya kila jioni. Vilikwenda kidogo vikasimama. Vikarudi nyuma, vikaanza tena. Viliuzunguka mkanda wote, meno kwa meno, na midomo iliyokuwa tayari kunong'ona ilibaki wazi bila neno. Aliuzunguka mara ya pili. Mara ya tatu aliachia katikati, akainua uso.

"Wako wapi?" aliuliza.

"Nani, Bibi?"

"Wako wapi? Loisi, umewaweka wapi?"

Nikodemo alimshika binti yake mkono, akamtoa nje. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Ulitoa zile za buluu?"

"Zilikuwa makosa, Baba. Mwalimu alisema—"

"Sisi tulizaliwa wanane," alisema Nikodemo. "Unanijua mimi tu. Wawili walikufa kwa surua. Watatu aliwazika katika msimu mmoja, ile njaa ya baada ya vita vya Hitla. Wengine wawili walikwenda mmoja mmoja. Kila alipozika alitia ushanga mmoja. Kwetu mtoto aliyekufa hatajwi jina kwa sauti, hata mimi sijawahi kuwataja. Mama anawataja peke yake, kwa vidole. Siku ile nilitaka kukwambia nikaona haya. Ningekwambiaje bila kuwataja?"

Loisi aliketi chini pale pale mlangoni. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye yule kwenye vumbi, amekumbuka sasa kidole gumba chake juu ya saruji mbichi.

Alipata lori la mkaa lililomrudisha mjini. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, alifika kituoni na nyundo na msumari wa inchi nne. Yotham, mlinzi, alidhani amechanganyikiwa.

"Dada Loisi, hiyo ni mali ya kituo!"

"Kaka Yotham, humu ndani kuna baba zangu na shangazi zangu. Nipige au uniache."

Alimwacha. Saruji ilikuwa imekwisha shika. Alichimba kuzunguka kila ushanga, akipuliza vumbi, akizungumza nao kwa sauti ya chini ingawa hakujua majina. Ushanga wa tatu ulipasuka chini ya msumari ukawa unga wa buluu. Loisi alipiga kelele moja, kisha akaendelea. Wa nane nao ulipasuka. Lakini alipomaliza, mkononi mwake zilikuwa saba nzima. Alizihesabu, akazirudia. Saba! Moyo ukamdanganya kwamba Mungu amemhurumia, akazifunga kwenye pindo la khanga, akakimbilia stendi.

Bibi Nyemo alikuwa bado anapumua alipofika. Loisi alipiga magoti, akamwekea ushanga wa kwanza kiganjani. Vidole vikongwe viliuzungusha, ukucha ukapita kwenye tundu, na uso wote ukafunguka.

"Masima," alisema Bibi, kwa sauti, mara ya kwanza katika nyumba ile. "Ndahani. Huyu Malogo, ana pengo hapa. Mwaja. Chilewa. Lusinde, mwanangu mdogo, njoo."

Nikodemo aligeukia ukutani akalia kama mtoto. Loisi alimpa wa saba.

Bibi aliuzungusha. Akauzungusha tena, akaupeleka mdomoni, akaugusa kwa ulimi. Kisha akautafuta mkono wa Loisi, akaurudisha ndani yake na kumfunga vidole.

"Huyu si wangu," alisema taratibu. "Huyu ni mtoto wa mtu. Mrudishe kwao, mama yake anamtafuta."

"Na wa kwako, Bibi? Wa saba?"

Bibi Nyemo aliuachia mkono wake. Alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, ametega sikio.

Walimzika na mkanda wenye sita, na mahali pa Sechelela, kitinda mimba wake, Loisi aliacha uzi mtupu. Baba yake alilitaja jina hilo mara moja, kaburini, na hakulirudia.

Loisi alichukua ile nafasi ya ualimu, maana tumbo halina matanga. Kizingiti kilizibwa kwa saruji nyingine, lakini yeye huingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, mvua au jua. Hufundisha daftari la miraba kama alivyofundishwa, ila kalamu nyekundu hana. Aliwauliza wanafunzi wote wa darasa lake la zamani, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa Mishi kule Kondoa; kila mmoja alikumbuka kutupa makapi, hakuna aliyekumbuka yapi. Siku ya kwanza ya kila darasa jipya, kabla hajaita majina, hupita benchi kwa benchi akiwa ameukunjua mkono. Ndani yake kuna ushanga mmoja wa buluu, naye humuuliza kila mama swali lilelile: "Huyu ni wa kwenu?"