Kizungu cha Barazani na Kizungu cha Nyuma ya Mlango

Enzi zetu sisi wana wa Mji wa Kale, Kizungu kilikuwa na vyuo viwili: skuli na sinema. Skuli sikupelekwa. Baba akisema, “Mtoto wa kike ajue Kizungu amwandikie nani barua?” Basi nikabaki na sinema.

Kaka yangu Twahiri alimposa Zena, binti wa jirani. Babake Zena akakata maneno: “Simpi asiye na kazi ya kalamu. Apate ukarani bandarini, kisha aje tuzungumze.” Ukarani wataka Kizungu cha kuzungumza, na hapo ndipo Twahiri alipokuwa bubu.

Akatokea rafikiye, Athmani Miwani, akafungua darasa barazani kwetu. Miwani yenyewe haikuwa na kioo hata kimoja, lakini alisema yamsaidia kutamka. Kila Jumamosi, wakitoka kutazama picha za Kimarekani za farasi na bastola, waliketi kuzijadili kwa Kizungu kitupu. Atakayeponyokwa na Kiswahili awanunulie wenziwe kahawa. Muuza kahawa alikuwa akiwaombea dua wasifuzu.

Athmani akikaza shingo, sauti yatoka puani: “Zisi mani, veri badi mani!” Twahiri amjibu, “Noo! Veri gudi mani!” Mjadala umekwisha, kahawa yaendelea. Mimi nyuma ya mlango napepeta mchele, kicheko kinanipalia.

Siku moja wakaafikiana kuwa Mzungu hana salamu. “Mwamuona yule jamaa wa farasi?” asema Athmani. “Akiingia mahali hanyanyui mdomo. Huvuta kiti, akaketi, akakodoa macho. Hiyo ndiyo adabu yao.”

Nikapaza sauti mlangoni: “Kaka, kwenye picha zetu wasalimiana hata wachoka!” Maana wanawake tulikuwa na siku yetu, Jumatano alasiri, hapana mwanamume ndani. Ni buibui tupu, bajia, na picha za mapenzi. Mama hakujua neno la Kizungu, lakini alitufasiria zote, na sote tulilia alipotuambia tulie.

“Nyamaza wee!” Athmani akanikemea. “Picha za machozi zina Kizungu gani?”

Basi Twahiri akenda bandarini. Akaingia kwa Mzungu kimya, kofia imeshuka kwenye nyusi. Akageuza kiti, akakipanda kama farasi, akakodoa. Aulizwa jina, akodoa. Aulizwa tena, azidi kukodoa. Yule Mzungu akadhani ana homa, akamwambia arudi wiki ya pili akipata nafuu.

Babake Zena akapata habari. “Wiki hiyo ikipita, Zena nampa yule mposaji wa Malindi,” akasema. Twahiri hakula siku mbili. Siku ya tatu akaja jikoni, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, sauti imekwisha: “Dada, nyinyi mwasalimiana vipi?”

Nikamfunza. Mkono kifuani, kichwa upande kidogo, uvute pumzi: “Gudi moning, sa. Hau kaindi ofu yu. Ai shali neva fogeti.” Tukarudia mpaka kuku wa uani wakazoea.

Siku ya siku akaingia ofisini kama bibi wa Kimarekani aliyeachwa stesheni na mchumba. Mzungu akasimama akampa mkono. Kazi akapata siku ile ile! Tangu hapo, hata akipewa chupa ya wino, alishukuru kama amevishwa pete.

Harusini Athmani akajipiga kifua: “Huyu ni matunda ya darasa langu!” Twahiri akatupia jicho upande wa wanawake, akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko pekee alikofaidi kwa Athmani.

Siku hizi wajukuu watazama picha za Kimarekani kwenye simu, kila mmoja na pembe yake, masikio wameyaziba. Hawana wa kubishana naye wala kahawa ya kulipishana. Mjukuu wa Twahiri anicheka: “Bibi, Kizungu chako ni cha sinema!” Hajui kuwa ndicho kilichomtoa bibi yake Zena kwao.

Twahiri na Zena wametangulia. Mahali pa baraza letu pana duka la simu. Nikipita huweka mkono kifuani, kichwa upande, nikasema, “Gudi moning.” Vijana wote wanikodolea macho, kimya, hapana anyanyuaye mdomo. Wallahi Athmani angewaona, angewapa vyeti.