Mapeasi ya Safari

Binti yangu anapanga nguo za bweni, mimi namenya peasi. Ameniuliza bibi yangu alikuwa mtu wa namna gani, na harufu ya tunda ikanirudisha Lushoto kabla sijapata neno. Mkimya? Lakini alisema. Mwenye hekima? Hilo ni neno la hotuba, angelicheka.

Siku moja, nikiwa mtoto, nilijaza tenga mapeasi ya kupeleka sokoni Mazinde, mbali chini ya milima. Nilichagua ya manjano, yaliyolainika. Bibi akabonyeza moja, akayamwaga yote.

"Haya tule sisi."

Akanionyesha mtini yale ya kijani, magumu kama mawe.

Jioni wakubwa wakabishana juu yangu. Shangazi alitaka nishuke naye Mazinde nikasome. Baba akasema bado mdogo, hata kufua sijui. Mama akalia. Mimi nilijikunyata mekoni kwenye moshi, nikitamani kwenda na huku naogopa.

Bibi alikuwa ananawa mikono.

"Ataivia njiani," akasema, akatoka kufunga mbuzi.

Baadaye baba akaniambia, kwa sauti ya chini, "Sweta uliache. Huko joto." Nikajua nakwenda. Yote niliyoyapata maishani yalianzia pale, nami sikuwahi kumshukuru ipasavyo.

"Mama, alikuwaje sasa?" binti anauliza tena.

Nimechagua peasi gumu kuliko yote, nikalitia kwenye begi lake.